P ni ya Shikamoo

Gari la babu yangu hujibadilishia gia lenyewe. Ndivyo lilivyotengenezwa huko lilikotengenezwa, zamani, kabla mama yangu hajazaliwa. Ukishaweka mkono wa gia kwenye D, kazi yako inabaki kukanyaga mafuta na kumshukuru Mungu. Lakini Babu, Mzee Abdulkarim, muuza mchele wa Soweto, Mbeya, hajawahi kuona sababu ya kuliachia gari jambo linalohusu adabu.

Kwake zile herufi si gia. Ni daraja za watu.

Akikutana njiani na mtu aliyemzidi umri, hupandisha mkono hadi P, ile ya kuegesha inayofunga magurudumu, ndipo atoe shikamoo. Wa rika lake anapata N, gari likiachwa huru bila gia. Mdogo wake anapata mguu juu ya breki, D ikiwa vilevile, basi. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini asiwakanyagie wote breki tu, akanitazama kama mtu aliyenifuma nakula mchana wa Ramadhani.

"Yasmini, mjukuu wangu. Unamwamkia mzee huku gari linataka kuondoka? Si sawa na kumwamkia huku umeshika kitasa cha mlango?"

 Baadaye, katika shule yetu ya bweni ya wasichana huko Iringa, tulifundishwa kwenye midahalo kwamba hoja isiyojibika ni hoja sahihi. Nikaikubali.

Ubaya ni kwamba heshima ya Babu ina haraka. Hangoji gari lisimame. Akimwona mzee, mkono tayari umefika P na magurudumu bado yanazunguka, na chini ya sakafu panasikika *krrrak*, kama mtu anayetafuna shingo ya kuku. Soweto nzima inaujua mlio huo, na wazee walikuwa wanaupenda. Mmoja wao, Mungu amrehemu, alikuwa akiusikia tu anaitikia "Marahaba!" kutoka chumbani, kabla hajajua ni nani anapita. Siku hizi P zimepungua sana mtaani kwetu. Wenye kuzistahili tunawazika mmoja mmoja. N nazo zimejaa tele, maana Babu anafahamiana na kila mtu wa rika lake aliyewahi kupima gunia la mpunga.

Gari lenyewe linaitwa Bwana Shamba. Kabla Babu hajalinunua lilikuwa la bwana shamba mmoja wa tumbaku kule Chunya, na hadi leo ukikipiga kofi kiti cha nyuma unapiga chafya ya Chunya.

Sasa ikatokea kwamba Babu amepata nafasi ya kwenda Hija. Furaha ikawa kubwa, kanzu zikafuliwa, majirani wakaanza kumwita Alhaji kwa mkopo. Ila anayekwenda Hija huomba kwanza radhi kwa aliokosana nao, na Babu alikuwa amekosana na mtu mmoja tu duniani: ndugu yake wa baba mmoja, Mzee Muharami wa Ipogolo, Iringa.

Chanzo cha ugomvi nitakieleza kwa uzito unaostahili. Baba yao alikuwa na wake wawili katika nyumba moja, na wake hao walijifungua wiki moja. Babu Abdulkarim alizaliwa Alhamisi asubuhi. Babu Muharami alizaliwa usiku wa Alhamisi. Basi ni nani mkubwa? Kwa Babu yangu, usiku unafuata asubuhi, hivyo yeye ndiye kaka. Kwa Babu Muharami, usiku wa Alhamisi ni ule unaoamkia Alhamisi, kama wazee wao wa pwani walivyohesabu, hivyo yeye ndiye kaka. Waliishi na jambo hilo kwa kukwepana salamu mpaka walipozeeka. Halafu kwenye harusi ya shangazi yangu Ruwaida, mbele ya watu, Babu Muharami akanyoosha mkono akingoja shikamoo yake. Babu Abdulkarim akaushika, akasema kwa upole kabisa, "Hujambo, mdogo wangu?"

Tangu hapo hawajasemeshana. Babu alijaribu kupiga simu safari hii. Babu Muharami alipokea, akanyamaza akingoja shikamoo. Babu naye akanyamaza akingoja ya kwake. Walinyamaziana hivyo mpaka salio likaisha.

"Radhi haiombwi kwa simu," Babu akatangaza. "Nitakwenda mwenyewe." Na kwa kuwa shule yangu ilikuwa inafunguliwa, mimi na tranka langu tukaunganishwa kwenye safari ya radhi.

Kabla ya kuondoka alimpelekea gari fundi Anyitike, ambaye gereji yake iko nyuma ya soko na jeuri yake inasikika mpaka mbele ya soko. Anyitike akachomoa kijiti cha oili ya giaboksi, akakinusa, akaninusisha na mimi bila kuombwa. Kilinuka kahawa iliyoungulia kwenye chungu.

"Mzee, klachi zimekwisha," akasema.

"Klachi gani? Gari hili halina klachi."

"Zipo ndani."

"Nimeliendesha miaka yote hii, sijaona pedeli ya klachi hata siku moja."

"Na mimi maini yako sijawahi kuyaona, mzee wangu. Si unatembea nayo?"

Babu akakohoa. Anyitike akafuta mikono kwenye suruali ambayo ilikuwa chafu kuliko mikono.

"Sikiliza. Ukitoa N ukaweka D, mle ndani kuna sahani zinashikana. Zinashikana kwa kusuguana. Halafu wewe unatia D huku umekanyaga mafuta, unawahi kwenda kusalimia mwingine. Unasalimia watu wangapi kwa siku?"

"Ninaowaona."

"Ndiyo hivyo. Unawasalimia kwa klachi."

Spea, alisema, ziagizwe, na zitafika Babu akiwa amesharudi kutoka Makka. Kwa sasa dawa ni moja. "Tia D hapa, uje uitoe Iringa. Katikati usijuane na mtu."

"Nisijuane na mtu? Igurusi? Chimala? Igawa? Wale ndio wananiuzia mpunga!"

"Basi wape namba yangu wanipigie, na wakusaidie kusukuma."

Niliyasikia maneno hayo nikayaweka moyoni. Usiku wa kuamkia safari nikachukua boksi la biskuti, nikalikata, na kwa kalamu nene ya wino nikaandika herufi kubwa kiasi cha kusomwa na dereva wa lori: SALAMU KWA TAA. Asubuhi, Babu akiwa anaaga majirani, nikalifunga kwa kamba mbele ya gari, chini ya taa, mahali ambapo dereva haoni. Niliona nimetatua tatizo la ufundi kwa njia ya ustaarabu. Watu wamsalimie Babu kwa kuwasha taa, naye awajibu kwa taa, mkono wa gia upumzike. Hata mkuu wa shule angenipa cheti.

Tulipita Uyole salama. Igurusi wafanyabiashara wawili waliinua mikono ili watusimamishe, wakasoma boksi, wakacheka, wakaachia njia. Babu akashangaa. "Leo wana nini hawa?" Nikamwambia pengine wana haraka. Mbele ya Chimala nikaona muda wa kufanya uchunguzi wa kitaaluma umewadia.

"Babu, hitima ya Bibi huwa tunaisoma lini?"

"Usiku wa Ijumaa."

"Yaani siku gani?"

"Si ni Alhamisi, magharibi ikishaingia? Mtoto gani huyu hajui usiku wa Ijumaa?"

"Kwa hiyo usiku wa Ijumaa unatangulia Ijumaa."

"Ndiyo."

"Na usiku wa Alhamisi je?"

Babu akawasha waipa. Mvua haikuwepo. Zilikwaruza kioo kikavu mpaka karibu na Igawa, na mimi nikaona niheshimu msiba wa hoja yake.

Baada ya Igawa malori yakawa mengi, na ndipo elimu yangu ilipokutana na barabara. Madereva wa malori ni watu wa utani. Waliposoma boksi, wakatii. Lori la kwanza likatuwashia taa. La pili likatuwashia. Sasa, kila mtu aliyewahi kupanda gari katika nchi hii anajua maana ya taa za lori linalotoka mbele: trafiki wamejificha huko uendako, punguza mwendo. Kila mtu alijua, ila mimi wakati naandika boksi.

"Trafiki!" Babu akasema, akatupa N katikati ya mwendo.

Hapa lazima nieleze kwamba suala la serikali kupewa gia gani Babu alishalitafakari zamani. Serikali haina umri, kwa hiyo ni rika la kila mtu; serikali ni N. Isitoshe aliamini kwamba gari linaloteleza bila gia haliwezi kupatikana na hatia ya mwendo kasi. Tukateleza, tukateleza, trafiki hakuonekana. Babu akakanyaga mafuta kwa hasira ya kupotezewa muda, akarudisha D. *Duu!* Shingo zetu zikaenda nyuma, tranka likagonga buti.

Lori jingine, taa. "Trafiki!" N. Kuteleza. Hakuna mtu. Mafuta. D. *Duu!*

"Leo nchi nzima wamemwaga trafiki," Babu akasema. "Kuna mkubwa anapita nini?"

"Huenda," nikasema kwa sauti ndogo.

Tulivuka Makambako namna hiyo, tukiiheshimu serikali isiyoonekana kila kona, na ile *duu* ikaanza kuchelewa. Babu anatia D, injini inapiga kelele kama inagombana na mtu, gari linafikiri kwanza, ndipo linashika. Kila mara lilifikiri zaidi. Tulipofika Nyololo harufu ya kahawa ilikuwa imejaa mpaka ndani, na Babu akaegesha mbele ya mama mmoja anayechoma mahindi, Mama Devota, mteja wake wa mchele. Huyu ni mdogo wake kwa umri, alistahili breki tu, lakini gari lilikuwa limeshachoka, likapewa P ya ugonjwa.

Babu akazunguka mbele afungue boneti. Nikajua siku zangu zimehesabika.

"Yasmini."

"Abee, Babu."

"Hii ni nini?"

"Ni hekima, Babu. Nilitaka kuzilinda klachi."

Akalisoma boksi kwa sauti, polepole, kama hakimu anayesoma shauri. Mama Devota alikuwa ameshalisoma. Alikuwa amekaa chini na upepeo wake, machozi yanamtoka kwa kicheko. "Alhaji, kumbe trafiki ni mjukuu wako!" akasema.

Nilitegemea kofi. Babu hakunipiga. Alilikunja boksi, akaliweka kwapani, akageukia barabara ya kwenda Mafinga.

"Unajua Jumatatu ninapanda ndege?" akauliza.

"Najua."

"Nikiwa sijaonana na Muharami, nitakwenda kuzunguka Al-Kaaba na uso wake mbele yangu kila mzunguko. Gari likifa hapa, mimi nimekwisha. Umeelewa?"

Nikaelewa.

Adhabu ilifuata. Tangu Nyololo D iliwekwa ikaachwa, kama Anyitike alivyoagiza, na mimi ndiye niliyetoa salamu zote kwa niaba ya Babu, kichwa nje ya dirisha, kwa sauti. "Shikamoo, Mzee, anakuamkia Babu yangu!" "Kamwene, mama, gari haliwezi kusimama!" Mafinga nikawaamkia watu ambao Babu hawajui, kwa tahadhari. Ifunda sauti ikakatika. Gari likaenda kwa unyonge, ila likaenda.

Likafika Ipogolo. Hapo likaona limemaliza kazi yake. Nyumba ya Babu Muharami iko juu ya kinjia kinachoacha barabara kuu na kupanda kama ngazi, na mwanzo wa kinjia hicho Babu alilazimika kusimama kupisha bodaboda. Alipotaka kuondoka, injini ikaunguruma, Bwana Shamba akabaki palepale. Babu akatia 2. Kimya. Akatia 1. Kimya. Akarudi D, akakanyaga, akabembeleza, akasoma aya. Kimya.

Kisha akatia R, kwa kukata tamaa tu. Bwana Shamba akaruka nyuma kama kijana.

Tukatazamana. Kati ya herufi zote, iliyobaki hai ni ile ambayo Babu hakuwahi kumpa mtu. Hakuna binadamu aliyewahi kusalimiwa kwa R.

"Shuka unielekeze," Babu akasema.

Hivyo ndivyo Mzee Abdulkarim alivyopanda kwenda kuomba radhi: kinyumenyume, shingo imegeuzwa, kofia imekaa upande, mimi nikitembea nyuma ya gari kwa sauti iliyokauka. "Njoo Babu, njoo, kata kulia, njoo!" Watu wakatoka majumbani. Bi Siwema, mke wa Babu Muharami, akatokea getini na mwiko mkononi.

"Huyu anakuja au anaondoka?" akaniuliza.

"Anakuja, Bibi. Ila yeye mwenyewe hajaamua."

Babu Muharami alikuwa barazani na tasbihi yake. Alilitazama buti la gari likiingia uani kwake, likasimama hatua chache mbele ya miguu yake. Hakuinuka.

"Abdulkarim. Umetoka Mbeya kuja kunipa mgongo?"

"Mgongo ni wa gari," Babu akasema kupitia dirishani. "Mimi nimekuja kwa radhi."

"Shuka basi tuongee. Radhi haiombwi dirishani."

Babu hakushuka, na mimi niliyekuwa nyuma niliiona sababu kabla ya wengine. Ua ule ni mteremko. Pua ya gari ilikuwa imeelekea kule tulikotoka, chini, kwenye barabara kuu na malori yake. Handbreki ya Bwana Shamba ilikufa zamani na Babu hakuona haja ya kuifufua, maana P ipo. Kilicholishikilia gari ni mguu wake juu ya breki. Akitaka kushuka, ni lazima aweke P. Na akiweka P mbele ya Muharami, Muharami aliyelipanda gari lile miaka mingi na kuijua lugha yake herufi kwa herufi, atakuwa amesema neno lile ambalo hajalisema tangu azaliwe.

Babu Muharami alikuwa ameliona pia. Tasbihi ilisimama.

"Yasmini!" Babu akaita. "Leta jiwe uzuie gurudumu!"

"Jiwe la nini?" Babu Muharami akauliza taratibu. "Si lina P?"

"P mbovu."

"Imeharibika lini?"

"Yasmini, jiwe!"

Mungu alipokuwa anagawa mawe, mikoa mingine iliyapata kwa kupimiwa, Iringa ilimwagiwa. Yako milimani, yako mashambani, yako hadi katikati ya nyumba za watu. Nikatazama kushoto. Nikatazama kulia. Nikakaa chini nifikirie vizuri.

"Sioni jiwe, Babu," nikasema.

 Mguu wa Babu ukaanza kuchoka juu ya breki.  Gari likasogea kiganja kimoja kuelekea mteremkoni, breki ikalia, likasimama. Bi Siwema akashika mwiko kwa mikono miwili.

"Muharami," Babu akasema, na sauti haikuwa tena ya dirishani. "Ndege ni Jumatatu."

"Nimesikia."

"Nataka kwenda nikiwa mwepesi."

"Shuka, Abdulkarim. Hata mimi nimechoka kukungoja."

Babu akatazama mbele, kule chini, malori yakipita. Kisha akapandisha mkono wa gia mpaka juu kabisa, akaachia breki. Gari likashuka kidogo, sehemu za ndani zikakamatana, *krrrak*, na Bwana Shamba akainamisha pua yake mzimamzima, kama mtu anayepiga goti.

"Marahaba," Babu Muharami akasema.

Mlango ukafunguliwa. "Hiyo ilikuwa ya mlima," Babu akasema akishuka, anatweta.

"Nami nimeuitikia mlima."

Walisimama wakitazamana, wazee wawili wenye pua moja. Sijui nani alitangulia kusogea, na nashukuru sikujua, maana ningeulizwa. Walipokumbatiana Babu alisema maneno begani kwa mwenzake ambayo sikuyapata yote. Nilisikia "usiku," nikasikia "Alhamisi," halafu nikamsikia Babu Muharami akicheka na kumwambia nyamaza, nimekuwia radhi, twende ukanywe chai.

Wakaingia ndani. Nani alitangulia mlangoni? Walikwama wote wawili, bega kwa bega, mpaka Bi Siwema akawasukuma.

Kisha akanigeukia mimi, akanitazama nilipokaa.

"Inuka hapo, mjukuu wangu, utachafua sketi," akasema. "Hilo jiwe ni la kuzuilia gurudumu, gari la maji likija."